Kufundisha mbwa kwa klika: hatua, chakula cha zawadi na makosa yanayoharibu kazi (Dodoma na mikoa jirani)

Mkufunzi_Ilazo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Maswali ya klika yamekuwa yakija moja moja kwenye nyuzi za mifugo na majibu yanapotea. Nayakusanya hapa. Wenye ujuzi mwongeze na kusahihisha.

Klika ni kiboksi cha plastiki kinachoenea kiganjani, ndani kina kipande cha bati. Ukikibonyeza kinatoa mlio mfupi mkali. Chenyewe hakifundishi kitu. Kazi yake ni kumwonyesha mbwa ni kitendo gani hasa kilichompatia chakula. Mbwa aliye mita tano kutoka kwako huwezi kumfikishia nyama ndani ya nusu sekunde, lakini mlio unamfikia. Sauti ya mtu haifai sana kwa kazi hiyo: inabeba hasira na uchovu, na mbwa anaisikia kutwa nzima hata pale isipomhusu.

Kwanza mlio upate maana. Chagua sehemu tulivu, andaa vipande 20 vya chakula. Piga klika, mpe kipande ndani ya sekunde moja au mbili. Usimwagize chochote. Badilisha nafasi kati ya mlio na mlio: sekunde tatu, kumi, tano, ili asizoee mapigo. Mkono wa chakula utulie kabisa mpaka mlio umalizike. Ukisogea kabla, mbwa atajifunza kusoma mkono na mlio utabaki kelele tu. Ili kupima, subiri atazame pengine kisha piga. Akigeuka ghafla kutafuta chakula, somo limeingia. Wengi hufika hapo kwa vipindi viwili.

Mlio mmoja, malipo mara moja. Hata ukipiga kimakosa, lipa. Klika ikishaanza kusema uongo, thamani yake inashuka haraka.

Sasa "kaa". Weka kipande mbele ya pua, kiinue taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Kichwa kikipanda, makalio yanashuka. Piga pale makalio yanapogusa ardhi. Ukichelewa ukapiga akiwa anainuka, umelipia kuinuka. Kisha rusha chakula hatua mbili pembeni, ainuke akifuate, na jaribio linalofuata lianze upya. Kuongoza kwa chakula mkononi kusizidi mara tano. Baada ya hapo tumia mkono uleule ukiwa mtupu, malipo yatoke mfukoni. Anayezidisha hatua hii hupata mbwa anayekaa akiona nyama tu.

Neno linakuja mwisho. Akishakaa mara 8 kati ya 10 kwa ishara ya mkono, sema "kaa" mara moja, subiri sekunde moja, ndipo utoe ishara. Ukianza na ishara na neno kwa pamoja, atafuata mkono na neno hatalisikia. Baada ya marudio 20 hadi 30 jaribu neno peke yake.

Kipindi ni dakika 3 hadi 5, mtoto wa mbwa dakika 2, mara mbili au tatu kwa siku. Kwa jua letu, fanya kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Weka mgongo wa kiganja ardhini sekunde saba. Kama wewe huvumilii, nyayo zake nazo hazivumilii. Mbwa anayehema ulimi nje hula kwa shida, na hapo malipo yako hayana nguvu.

Nzuguni_Kwetu

Ahsante mkuu kwa uzi. Maswali mawili. Madukani hapa sijaona klika, je, kuna mbadala? Na chakula gani, kwa kipimo gani?

Mama_Zizi

Nikusaidie hapo. Mbadala wa kwanza ni kalamu ya kubonyeza, ile yenye mlio mkavu. Wa pili ni kifuniko cha bati cha chupa ya jamu, chenye uvimbe katikati: ukiubonyeza kwa dole gumba unaingia na kutoka kwa mlio unaofanana sana na klika. Ukikosa vyote, chagua neno fupi ambalo nyumbani halisemwi ovyo, kama "tik", ulitamke kwa sauti ileile kila mara. Neno ni dhaifu kidogo kwa usahihi, ila mikono inabaki huru. Usichanganye: mbwa mmoja, mlio mmoja, mpaka mafunzo yakomae.

Chakula: pafu la ng'ombe lililochemshwa ndilo bora kwa bei na kwa kazi. Chemsha bila chumvi wala kitunguu, kata vipande vya nusu sentimita, vikaushe kwenye kikaango mpaka visishike vidoleni. Robo kilo inatoa vipande mia kadhaa. Funga kwenye vifuko vidogo, gandisha, toa kifuko kimoja kwa siku. Ini linapendwa zaidi lakini likizidi linaharisha, kwa hiyo liweke kwa kazi ngumu tu. Dagaa wasiotiwa chumvi wanafaa, ukiwavunja mara mbili. Kipande kiwe cha kumeza, si cha kutafuna. Anayetafuna kwa sekunde kumi amesahau alichofanya.

Zawadi zote za siku zisipite sehemu moja ya kumi ya chakula chake. Siku ya mazoezi mengi, punguza ugali wa jioni. Kumnyima chakula ili "awe na hamu" hakusaidii: mbwa mwenye njaa kali anaparamia mkono na hafikiri.

Na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu tuko Dodoma: zabibu ni sumu kwa mbwa, mbichi na zilizokaushwa. Zinaharibu figo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Msimu wa mavuno watoto wanatembea nazo mfukoni na mbwa anawafuata. Chokoleti, vitunguu na bigijii zisizo na sukari nazo ni marufuku. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vikali, isiingie kwenye mfuko wa zawadi.

Mkufunzi_Ilazo

Dada Mama_Zizi, ahsante sana, hapo kwenye zabibu umegusa penyewe.

Niongeze jambo ambalo watu hulipita: kabla ya kumfundisha mbwa, jifundishe kidole chako. Simama mahali unapoona bodaboda zikipita, chagua nguzo moja, piga klika pale gurudumu la mbele linapofika usawa wa nguzo. Fanya mara 50, mbwa akiwa mbali asikokusikia. Au mtu adundishe mpira, wewe upige unapogusa chini. Mwanzoni wengi huchelewa, na kuchelewa kwa nusu sekunde kwa mbwa ni kitendo kingine kabisa. Ukiona mbwa "hafundishiki", kwanza rekodi kipindi kimoja kwa simu, uangalie mlio unaangukia wapi. Mara nyingi jibu liko hapo.

Moro_PanyaBuku

Wanaodhani hii ni mambo ya Wazungu na mbwa wa sebuleni, waangalie Morogoro. Shirika la APOPO, walioko SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) tangu mwaka 2000, wanawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwa klika hii hii. Panya mdogo anazoeshwa kwanza watu na kelele, kisha mlio unalinganishwa na chakula kama ndizi, kisha anapigiwa mlio pale tu anapotulia juu ya harufu inayotakiwa. Mafunzo huchukua takriban miezi tisa. Magawa, panya aliyefundishwa Morogoro na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la tiba ya wanyama, mwaka 2020. Hadi anafariki Januari 2022 alikuwa amegundua zaidi ya mabomu 100 ya ardhini na vilipuzi vingine.

Njia yenyewe ina mizizi Marekani kwa mwanasaikolojia B. F. Skinner. Wanafunzi wake, Keller na Marian Breland, waliitoa maabara miaka ya 1940 wakaanza kufundisha wanyama wa aina nyingi. Wafundishaji wa pomboo walitumia firimbi kwa sababu pomboo huwezi kumvuta kwa kamba wala kumkalisha kwa nguvu. Karen Pryor, aliyefanya kazi na pomboo Hawaii, ndiye aliyeisukuma sana kwa wafuga mbwa.

Funzo kwetu ni hili: panya hapigwi na kazi inafanyika, tena kazi ambayo kosa lake ni kifo cha mtu.

ChangombeJuu

Mkuu mleta uzi, nina pingamizi la kweli. Huku wezi wanatupa nyama yenye sumu juu ya ukuta. Mbwa wa ulinzi aliyezoeshwa kulipwa chakula kila saa, si ndiye ataimeza haraka zaidi?

Mkufunzi_Ilazo

Pingamizi lako lina uzito mkuu, nalijibu kwa urefu.

Mbwa asiyefundishwa kabisa ndiye anayekula kila kitu kilicho chini. Anayefundishwa kwa klika anaweza kujifunza kwamba chakula cha chini si chake, na kukiacha ndiko kunakolipa. Neno ni "acha", na linajengwa hivi.

Funga kipande cha ugali mkavu kwenye ngumi, msogezee. Atanusa, atalamba, atapiga kwa mguu. Kaa kimya. Pua ikirudi nyuma hata sentimita moja, piga, na umlipe pafu kutoka mkono mwingine. Kile kilichokatazwa asikipate kamwe, hata mwisho wa zoezi. Ukimpa, umemfundisha kungoja badala ya kuacha. Mara 10 zikienda vizuri, fungua kiganja. Akijaribu kuchukua, funga tu, usimkaripie. Kisha weka ugali chini ukiufunika kwa kiatu, kisha bila kiatu lakini yeye akiwa kwenye kamba fupi isiyomfikisha. Kisha pita naye kando yake. Katika hatua zote hizo usiongeze neno mpaka awe anaacha mwenyewe. "Acha" inaingia baadaye, kama "kaa".

Hatua ya mwisho ndiyo inayogusa wezi wako. Ugali hautoshi tena, tumia nyama halisi, iliyofunikwa kwa chekecheo la waya lililowekewa jiwe juu: anaiona, anainusa, hawezi kuifikia. Iweke uani kabla hajatolewa, sehemu tofauti kila siku. Akiikaribia kisha akageuka kukutazama, piga na umlipe kwa wingi, vipande vitano kimoja baada ya kingine. Baadaye mtu asiyemjua airushe juu ya ukuta, wewe ukiwa ndani na kamba ndefu mkononi. Mtu tofauti kila wiki. Akifanikiwa kuila hata mara moja, rudi hatua mbili nyuma.

Sasa ukweli wake. Hilo linapunguza hatari, haliiondoi. Mbwa akiwa peke yake saa 8 usiku hana wa kumlipa. Kwa hiyo alishwe ashibe kabla ya zamu, banda lake liwe mbali na ukuta wa barabarani, na ua ukaguliwe kwa tochi kabla hajafunguliwa. Anayekuahidi mbwa asiyeweza kulishwa sumu, usimlipe.

Nkuhungu_Mashariki

Wakuu, je mbwa anayeogopa mlio wenyewe? Na nikiwa na mbwa wawili uani?

Mama_Zizi

Anayeogopa, funga klika ndani ya soksi mbili au taulo, uishike nyuma ya mgongo. Akizoea, toa soksi moja, kisha nyingine. Kama bado anajikunyata, hamia kwenye kalamu au neno. Usipige karibu na sikio, na usimnyooshee klika kama rimoti. Wengi hufanya hivyo bila kujua.

Wawili: mmoja afungiwe ndani na mfupa mbichi mkubwa, mwingine afanye kazi, kisha mbadilishane. Mlio hauna jina, wote wataudai. Baada ya kila mmoja kujua somo lake peke yake, ndipo uwaweke pamoja, na hapo yule anayesubiri kwa utulivu naye alipwe.

Na msipige klika kumwita mbwa. Nimeona imependekezwa kwenye uzi mwingine, ni kosa. Mlio unakuja baada ya kitendo, unakithibitisha. Ukiupiga ili aache kubweka na kuja, umelipia kubweka.

Lango_Kisasa

Nalileta suala la bodaboda, maana kila mtaa una mbwa anayezikimbiza, na dereva akianguka ni kesi.

Kumvuta kamba na kumkemea pikipiki inapopita kunaongeza joto: mbwa anajifunza kwamba boda ikija, shingo inaumia. Fanyeni kinyume chake. Tafuta uwanja wenye barabara upande mmoja, anza mita 50 kutoka barabarani. Kipimo cha umbali ni chakula: akiona boda na bado anakula, umbali unafaa. Akikataa pafu, au mwili ukikakamaa na masikio yakisimama mbele bila kugeuka, uko karibu mno, rudi nyuma mita 10.

Boda inatokea, anaitazama, piga klika akiwa anaitazama, kabla ya sauti yoyote. Atageuka kwa ajili ya chakula, mpe. Watu hupinga hapa kwamba unalipia kutazama boda. Ndiyo, unalipia kutazama kwa utulivu, na unabadilisha maana ya boda kutoka adui kuwa dalili ya nyama. Baada ya vipindi kadhaa utaona kichwa kinageuka kwako chenyewe kabla hujapiga. Hapo badilisha: sasa piga kwa kule kugeuka. Mara 8 kati ya 10 zikifaulu, sogea mita 5. Usisogee kwa sababu siku ni nzuri au una haraka. Na kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, isiwe shingoni.

Kwa mbwa anayekimbiza mbuzi, hatua ni zizo hizo, ila mbuzi wawe upande wa pili wa uzio na uanze mbali zaidi, kwa sababu mbuzi akikimbia ndiye anayemwamsha. Asiachwe huru na kundi mpaka miezi ipite bila kosa.

Mifugo_Mpwapwa

Mimi niombe nafasi ya kifunga mdomo. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa wenye mbwa wanakuja wakimburuta kwa waya, mdomo umefungwa kwa kitambaa, na mnyama ameshaamua kuuma. Hili linazuilika kwa wiki mbili za dakika tatu tatu.

Tumia kifunga mdomo cha kikapu, kinachomruhusu kuhema na kula. Kabla ya kukitumia, anza na kikopo cha mtindi: pua ikiingia, piga, mlipe ndani ya kikopo. Usimsogezee, yeye ndiye aingize. Akishaingia kwa hiari, hamia kwenye kikapu, pua ndani sekunde 1, 3, 5, 10. Mkanda uguse shingo bila kufungwa, piga. Funga, piga, fungua. Kisha nusu dakika, dakika, dakika tano akitembea. Akijifuta kwa mguu, umeruka hatua.

Kwa wakati wake, fundisha pia kuguswa bega na kubanwa ngozi kidogo kama sindano inavyofanya: bana, piga, lipa. Chanjo inarudiwa kila mwaka, hivyo kazi hii haipotei. Na akimuuma mtu, hata jeraha dogo: oshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja.

Nzuguni_Kwetu

Uani anafanya vizuri, nikitoka naye nje ya geti ni kama hajawahi kufundishwa. Tatizo?

Mkufunzi_Ilazo

Si ukaidi mkuu. Kwake "kaa" ya uani na "kaa" ya barabarani ni masomo mawili. Kuna vitu vitatu vinavyofanya kazi iwe ngumu: muda, umbali kati yenu, na vurugu za mazingira. Ongeza kimoja tu kwa wakati mmoja, vingine uvishushe. Anayekaa sekunde 30 sebuleni, getini mtake sekunde 2. Pita sebule, baraza, ua, nje ya geti asubuhi kukiwa kimya, kisha saa za watu. Upepo wa hapa mjini mchana unaleta harufu nyingi na vumbi, usianzie hapo. Kwa "njoo" nje ya geti, tumia kamba ya katani ya mita 10, piga pale kichwa kinapogeuka ulipomwita, chakula kitolewe miguuni pako. Na usimwite "njoo" ukitaka kumwogesha au kumfungia, mfuate mwenyewe.

Weka daftari: tarehe, somo, mafanikio kati ya 10. Yakiwa 8 au zaidi, panda. 5 hadi 7, rudia palepale. Chini ya 5, shuka.

ChangombeJuu

Nimeelewa kuhusu "acha", naanza kesho na ngumi. La mwisho: klika nitembee nayo maisha yote?

Mkufunzi_Ilazo

Hapana. Klika ni ya kujengea somo jipya. Akishalijua kwa neno, mahali popote, mara 9 kati ya 10, klika inawekwa kabatini na malipo yanakuwa ya kuviziana: mara chakula, mara kufunguliwa aende, mara mchezo wa kamba. Usikate ghafla. Ukitoka kulipa kila mara hadi kutolipa kabisa, atafanya kwa nguvu zaidi siku mbili tatu, atabweka, kisha ataacha. Lipa mara 4 kati ya 5, kisha 3, kisha bila mpangilio. "Njoo" na "acha" ziendelee kulipwa vizuri siku zote, hizo ndizo zinazookoa uhai.

Kabla hujaanza kesho, andika maneno kwenye karatasi, ubandike jikoni na kwa mlinzi: kaa, lala, njoo, acha. Baba akisema "kaa", watoto "keti" na mlinzi "sit", mbwa ana lugha tatu za jambo moja na atasubiri ile anayolipwa nayo.